Dada Yangu wa Pale Juu

2 Aprili
Mvua imeanza leo alfajiri. Twaiba amenipa hiki kitabu cha tarehe, wamegawiwa hotelini na yeye anacho kingine. Ameniambia, "Boga, uandike kila siku, hata mstari mmoja. Ukiacha, herufi zitakutoka kichwani zote." Mimi shule niliachia darasa la tano. Yeye alimaliza kidato cha nne. Akisema kitu mimi hufanya, ni dada yangu mkubwa na tuko wawili tu. Harusi yake imewekwa baada ya Idi Kubwa. Anaolewa na Abdulrahim, fundi wa tairi za malori kule mji wa Mackinnon Road. Basi.

3 Aprili
Mvua. Sikukwea. Mnazi ukilowa huteleza.

8 Aprili
Jana jua lilitoka, nikaitwa kwenye hoteli anayofanya kazi Twaiba, huko Diani. Mimi huangua nazi zisije zikawaangukia wageni kichwani. Twaiba hupeleka vyakula mezani. Walikuja watu wa kupiga picha kutoka Nairobi, picha ya bango la barabarani. Wakachukua Wazungu wawili, wageni tu, mume na mke, wakawakalisha kwenye viti. Wakasema wanataka msichana wa kuleta madafu, na nyuma yake mtu juu ya mnazi. Meneja akamchagua Twaiba kwa sababu ya meno yake. Juu ya mnazi nikawekwa mimi.

Nilikaa huko mpaka miguu ikafa ganzi, lakini ukiwa juu unaona yote. Wale Wazungu walikaa mara moja na picha zao zikatoka. Twaiba wakawa wanamhamisha. Simama hapa. Hapana, pale. Rudi. Mpiga picha anaangalia mashine yake, anatikisa kichwa. "Haonekani. Nikiwawekea hawa mwangaza wao, yeye anapotea." Nikangoja mtu aseme basi tumwekee Twaiba mwangaza wake. Hakuna aliyesema. Wakaleta ubao mweupe, kijana mmoja akausogeza karibu na uso wake ili jua limpige, mpaka macho yakamtoka machozi.

Twaiba akasema, "Kwani mimi ni usiku?"

Wote wakacheka. Yule Mzungu mwanamke akauliza amesema nini. Hakuna aliyemwambia.

Tukirudi kwetu Munje, Twaiba alikuwa bado anacheka. "Mdogo wangu, tutakuwa barabarani! Mama atakuwa na watoto wawili wa bango."

14 Aprili
Mvua tangu juzi. Kuku wamehamia jikoni.

21 Aprili
Nimeangua nazi kwa jirani. Mama ametengeneza mkate wa sinia. Mzuri.

29 Aprili
Leo nitaandika sana.

Asubuhi amenipigia mtu anaitwa Elkanah, mtu wa bara, kazi yake ni kutundika mabango. Kijana wake wa kupanda ana homa, namba yangu amepewa hotelini. Nikamkuta Ukunda, pale njia panda.

"Wewe ndio Boga? Wanasema unapanda ni kama ulizaliwa huko juu."

Nikamwambia, "Shikamoo."

Akacheka. "Hiyo shikamoo wekea babu yako. Shika kamba."

Bango ni turubai kubwa, linakuja limekunjwa. Ukiwa juu nalo hulioni kama picha, ni madoa tu. Nilifunga kamba karibu na jicho wala sikujua ni jicho la nani. Nikashuka kidogo kufunga pembe ya chini. Hapo nikakutana na mkono umeshika dafu, mkubwa kama mlango. Kwenye kidole gumba kuna kovu, limepinda kama mwezi mchanga. Nikasimama. Lile kovu nalijua. Twaiba alijikata kwa mbuzi ya kukunia nazi akiwa mdogo, na mimi ndiye niliyemshindilia majivu.

Niliposhuka chini nikatazama vizuri. Wazungu wako mbele, wakubwa, rangi zao ni zile zile. Nyuma yao kuna msichana anacheka. Meno ni ya Twaiba, macho ni ya Twaiba. Rangi si yake. Twaiba ni mweusi kama Mama, weusi wa kung'aa. Huyu ni chai iliyotiwa maziwa mengi, uso mpaka shingo. Ule mkono wa dafu tu ndio wameusahau, umebaki wa nyumbani.

Nikamwambia Elkanah, "Yule ni dada yangu." Sijui hata nilisemaje, mimi si mtu wa kuanza maneno.

Akatazama bango, akanitazama mimi. "Baba mmoja?"

"Na mama mmoja."

"Basi wewe ulisahauliwa kwa jiko, bro!" Akacheka peke yake, halafu akaacha. Akasema, "Wanafanyanga hivyo. Kila bango naweka, kama ni mtu mweusi wanampunguza. Za sabuni, za simu, hata za dawa ya mbu. Mzungu hawamguzi."

Na mimi niko. Pembeni kule juu wamenikata, nimebaki nyayo mbili kwenye mnazi. Nyayo hawakuzibadilisha. Labda ni kwa sababu nyayo za kila mtu ni nyeupe.

1 Mei
Sikukuu, Twaiba hakwenda kazini. Nikampeleka Ukunda akajione. Sikumwambia kitu, nilishindwa kuanza.

Alisimama akatazama kwa muda. Chini ya bango kuna mama anauza viazi vya karai. Twaiba akanunua, akamuuliza, "Mama, yule msichana pale juu ni wa wapi?"

"Yule? Mwarabu yule. Wa Mombasa, Mji wa Kale huko."

"Si wa hapa kwetu?"

"Hapa kwetu utampata wapi mzuri namna ile, mwanangu?" Na akamwongezea pilipili ya ukwaju. Hana ubaya yule mama.

Twaiba akanishika mkono, akacheka mpaka tukafika kwa waendesha boda. Kwenye boda mimi nilikaa katikati na yeye nyuma. Akanyamaza. Tulipofika karibu na Munje nikahisi anajifuta uso kwenye shati langu, na wakati huo mvua ilikuwa hainyeshi.

3 Mei
Abdulrahim amepiga simu. Twaiba alikuwa anasonga ugali, akaweka simu kwa sauti, kwa hivyo nimesikia.

"Asalaamu alaykum, Twaiba. Bango lako nimeliona! Nimeletewa kwenye wasapu. Mafundi wote hapa wameliona, leo wameninunulia soda."

"Kweli?"

"Wallahi. Nimeikata ile picha, nimechukua ninapopapenda mimi. Nimeiweka mbele ya simu, nikiwasha tu nakuona."

Twaiba akasema ahsante. Ugali uliungua. Twaiba hajawahi kuunguza ugali.

9 Mei
Hoteli imefunga kwa ajili ya mvua. Wafanyakazi wameambiwa waende nyumbani mpaka waitwe. Meneja amemwambia Twaiba bango limependwa sana.

11 Mei
Dada ameingia ndani. Kwetu bi harusi akiingia ndani hatoki mpaka siku yake. Hapigwi na jua, haonekani na wanaume. Mimi ni ndugu, lakini nazungumza naye dirishani, pazia limeshushwa. Anayemtunza ni Bi Mwanapili, somo wake. Huyu bibi amewaweka ndani maharusi wa Munje wote, hata Mama. Hutwanga mti wa liwa, maganda ya machungwa na mchele, akachanganya na marashi, hilo ndilo singo. Humsugua bi harusi asubuhi na jioni mpaka ngozi iwe laini kama ya mtoto.

Nyumba yote inanukia, mpaka fulana yangu ya kazi. Wenzangu wameniuliza kama anayeolewa ni mimi.

13 Mei
Mvua. Jana sikuandika.

16 Mei
Twaiba ameniita dirishani. "Boga, utapita Ukunda?"

"Naweza."

"Pitia kwa Linet, yule tunayefanya kazi naye. Ana mafuta yangu ya nywele. Usimpe Mama, nipe mimi hapa."

Linet amenipa kifuko kimefungwa kwa gundi. Akauliza, "Ako sure?" Mimi sikuelewa, nikamwambia salamu zimefika.

17 Mei
Mvua na upepo. Mgomba umeanguka kwenye choo.

21 Mei
Mama ametoka ndani anapiga vigelegele. Anasema mwanawe anang'aa, weupe umetoka, ukimtazama utadhani taa. Bi Mwanapili amekaa barazani kifua mbele. "Singo limeshika! Mkono wangu umerudi ujana!" Majirani wamekuja kuchungulia. Nimefurahi kwa sababu wote wamefurahi, lakini Twaiba sikumsikia akicheka, na kicheko chake husikika mpaka kisimani.

23 Mei
Wamekuja kina mama wawili kutoka Msambweni. Wana mabinti wa kuolewa, wanataka singo la Bi Mwanapili. Bibi anatembea kama wa miaka ishirini. Amenituma liwa mara mbili.

26 Mei
Yarabi.

Asubuhi nilisikia Bi Mwanapili akipiga ukelele. Nilikuwa nanoa panga, nikaenda mpaka mlangoni nikakumbuka siruhusiwi kuingia. Mama akaingia akatoka, ameshika kichwa. Nikamsikia akisema uso wa Twaiba umeungua. Mashavu yamechubuka kama mtu aliyemwagikiwa maji ya moto, na chini ya macho pamefanya weusi wa jivu.

Mama akamgeukia Bi Mwanapili. "Bibi, mwanangu umemtia nini?"

"Nilichokutia wewe."

"Mimi sikuungua!"

"Hukuungua, mwanangu. Hukuungua." Akatoa singo lote nje, akalimwaga kwenye sinia, akawa analinusa na kulipapasa kwa vidole kwenye manyunyu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. "Labda nimeokota kitu kingine nikatwangia humo. Labda ni macho haya." Alirudia maneno hayo mpaka nikashindwa kuendelea kukaa pale.

Nikaenda dirishani. "Dada."

"Dada, kile kifuko cha Linet kilikuwa na nini?"

Akasema polepole, "Nyamaza, Boga."

"Ni mkorogo?" Hata mimi najua hayo madawa ya kujichubua, yanauzwa Ukunda kwenye vikopo vyenye picha ya wanawake weupe.

Akaanza kulia. Akasema, "Wewe hukumsikia Abdulrahim? Hukusikia alivyofurahi? Yeye aliniona mara moja tu, kwenye matanga ya babu, mimi nimejifunika, nampa maji. Hanijui. Sasa ameletewa picha, ndiyo amenijua. Yeye anamngoja yule wa pale juu, Boga. Siku ya harusi atafunua ukaya usoni akute mimi? Atasema nimebadilishiwa mke!"

Nilitaka kumwambia maneno mazuri lakini huwa hayanijii. Nikamwambia, "Mimi kwenye bango ni nyayo tu na sijakasirika."

Akacheka akiwa analia. "Mjinga wewe." Halafu akasema, "Usimwambie mtu. Niapie."

Nikaapa. Ningefanya nini? Lakini Bi Mwanapili alikuwa bado uwanjani ananusa sinia lake.

27 Mei
Wale kina mama wa Msambweni wamesikia. Wametuma mtoto kusema mabinti zao watatafuta somo mwingine.

28 Mei
Bi Mwanapili amekuja na kinu chake kichwani. Nilimpokea, ni kizito, kimetwanga mpaka ndani kimekuwa laini kama kioo. Akaniambia, "Boga mwanangu, shoka liko wapi? Kipasue hiki kiwe kuni."

"Bibi?"

"Kipasue. Kimenisaidia kutunza maharusi mpaka wajukuu zao, sasa nimemuunguza mmoja. Sitaki kimwunguze mwingine. Sitaki na mtu akirithi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, akatazama chini. Hakusema usipasue.

Nikachukua shoka. Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba. Nikakilaza kinu ubavu, nikainua shoka, mkono ukakataa. Nikainua tena. Nilikuwa nimeapa. Nikaliweka shoka chini, nikazunguka nyumba mpaka dirishani, nikasema neno moja tu:

"Dada, nimeambiwa nipasue kinu cha bibi."

Sikungoja anijibu, nilirudi. Nilikuwa nimeshika shoka tena wakati Mama alipopiga yowe. "Twaiba! Bi harusi hatoki nje!"

Alikuwa ametoka. Amevaa leso mbili, kichwa wazi, uso wazi, mvua inampiga kwenye yale mashavu. Niliinamisha macho, lakini nilikuwa nimeshaona. Akaja akakikumbatia kinu kama mtoto.

"Singo halina kosa," akasema. "Ni mimi. Nimejipaka mkorogo."

Bi Mwanapili akasogea. "Umejipaka nini?"

"Mkorogo, bibi. Wa dukani. Nilikuwa najipaka ukishaondoka."

"Kwa hivyo si mkono wangu?"

"Si mkono wako."

"Wala si macho yangu?"

"Wala si macho yako, bibi."

"Alhamdulillahi!" Bibi akapiga makofi, halafu papo hapo akajishika mdomo. "Astaghfirullahi, mtoto kaungua na mimi nashangilia!" Na akaanza kulia. Akavua leso yake mwenyewe akamfunika Twaiba, wakakaa wote wawili juu ya kinu, mvuani, hakuna aliyekumbuka kuingia ndani.

Mama akauliza, "Lakini kwa nini, mwanangu?"

Twaiba akasema yote. Bango, yule mama wa viazi, simu ya Abdulrahim. Mama alisikiliza, na uso wake ulibadilika kidogo kidogo. Mama ni mweusi kushinda Twaiba. Akasema, "Na mimi niliimba weupe umetoka. Niliimba kwa sauti."

"Hata mimi," akasema Bi Mwanapili. "Singo ni la kunukia na kulainisha. Tangu lini likamgeuza mtu rangi? Nilijua. Nilipoona unageuka nilijua ndani ya roho yangu kwamba si langu. Lakini waliponisifu nikakubali, nikawaambia limeshika. Basi tumekuchubua sote."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe umesimama na shoka kama mwizi. Nirudishie kinu changu ndani!"

29 Mei
Mama amempeleka Twaiba zahanati, amefunikwa gubigubi. Wamempa dawa ya kupaka na wamesema ngozi itarudi, aache kabisa hayo madawa. Bi Mwanapili ameutia ule mkorogo kwenye choo. Anasema hata choo anakionea huruma.

31 Mei
Twaiba hali chakula. Anasema Abdulrahim aambiwe, na anasema asiambiwe. Mama anasema mambo ya namna hii hayasemwi kwa simu. Baba angekuwa hai angekwenda yeye. Wakanitazama mimi.

Mimi, kununua chumvi tu hunitoa jasho.

3 Juni
Nimekwenda. Elkanah alikuwa ana bango la kutundika barabara kuu, karibu na Mackinnon Road, nikapanda lori lake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Elkanah akasema, "Boga, unaongea na dirisha?"

Kule ni vumbi na malori, kama mvua hawajaisikia. Abdulrahim nilimkuta ameinama ndani ya tairi, kichwa hakionekani. Akatoka. Ni mrefu, ana aibu kama mimi, nimelijua hilo mara moja. Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha zote, za Mama, za majirani, za mvua. Kisha tukakaa kwenye tairi mbili.

Maneno yote niliyopanga yalipotea. Nikasema, "Yule wa kwenye bango si Twaiba. Wamempaka rangi. Twaiba ni mweusi kama mimi. Akajichubua ili afanane naye, ameungua uso. Kama humtaki useme sasa, usingoje siku ya watu."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu kwa mpigo.

Abdulrahim alifuta mikono yake kwa kitambaa, ikabaki nyeusi vile vile, mpira umeingia mpaka kwenye kucha. Akatoa simu, akaiwasha, akanipa.

Nilidhani nitaona uso. Haukuwepo uso. Wala Wazungu hawakuwepo. Ilikuwa ni mkono tu, umeshika dafu, na lile kovu kwenye kidole gumba.

"Huu ndio ninaoujua," akasema. "Kwenye matanga alinipa maji, nikauona mkono. Ule uso wa bango wenzangu ndio waliousifu. Mimi niliutazama nikauona si wa mtu. Nikatafuta mpaka nikaupata mkono, nikasema huyu hapa, hawakumwondoa wote."

Nilishindwa kumtazama. Nikatazama tairi.

Akaendelea, "Kaka, kuna neno nilitaka kuuliza mimi. Mtu aliyewekwa juu barabarani, akikaa meza moja na Wazungu, atakubali kushikwa na mikono hii? Haitakati. Nimejaribu sabuni ya unga, nimejaribu petroli."

"Hakukaa nao," nikasema. "Aliwaletea madafu."

"Ah," akasema. Na tukacheka, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya.

4 Juni
Nimemwambia Twaiba dirishani. Nilipofika pale pa simu alisogea karibu na pazia. Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena pale pa 'hawakumwondoa wote'."

Nikarudia mpaka Bi Mwanapili akasema niondoke, bi harusi apumzike. Jioni alikula wali sahani mbili.

7 Juni
Idi. Nyama.

10 Juni
Upepo wa jana umelichana bango la Ukunda. Elkanah ameniita tulishushe. Hoteli haitaki kulishona. Anasema jipya likija baada ya mvua litakuwa na wale Wazungu peke yao. "Ni rahisi," amesema, "hakuna mtu wa kurekebisha." Nilimwomba turubai, akanipa. "Pelekea sister. Mwambie Elkanah amesema yeye ndiye mzuri kuliko huyo." Hajawahi kumwona, lakini nimemfikishia.

13 Juni
Kesho ndiyo siku. Mvua haijakatika. Jiko la pilau liko uwanjani, wapishi wanalalamika. Nikafungua turubai, linafunika masufuria yote na nafasi inabaki.

Likatokea neno. Mama alitaka picha iangalie chini, wapishi wapate cha kutazama. Jirani mmoja akasema ni vibaya bi harusi kutazama mchuzi. Wakabishana. Twaiba akasikia akiwa ndani, akapaza sauti:

"Boga! Uso utazame juu. Mwache anyeshewe yeye!"

Tumelitundika hivyo. Nikiwa juu nafunga kamba nilimwona karibu tena, jicho, meno, yale madoa. Maji yalikuwa yanajaa kwenye shavu. Sikumchukia. Ni picha tu, na kazi ameipata.

14 Juni
Nikahi imefungwa baada ya adhuhuri. Abdulrahim amekuja na mafundi wenzake, wote wamevaa kanzu, na wote mikono wameificha.

Ukafika wakati wa picha. Ndani palikuwa na giza kwa ajili ya mawingu. Twaiba alikaa kwenye kiti cha harusi, ana hina mpaka kwenye viwiko, ananukia singo la Bi Mwanapili, na uso wake ni uso wake. Mashavuni pamebaki mabaka mawili, bado hayajarudi sawa. Hakutaka kupakwa kitu. Bi Mwanapili amesimama nyuma yake kama askari, na wale kina mama wa Msambweni nimewaona wanamnong'oneza, nadhani wanataka tena nafasi yao.

Mpiga picha ni Feisal, mtoto wa shangazi, ana kamera ya kukodi na taa ya mguu mmoja. Taa ameielekeza kwa Abdulrahim na mafundi na kanzu zao nyeupe. Akapiga. Akatazama. Akatikisa kichwa.

"Bi harusi haonekani. Dada, sogea huku kidogo. Hapana. Inua uso. Kanzu zinameremeta, wewe unapotea."

Nilimwona Twaiba akianza kuinuka. Nilikuwa nimekaa kule nyuma, karibu na mlango, mahali pangu. Nikafungua mdomo.

Lakini Abdulrahim amenitangulia. Alisema kwa upole, hata Feisal mwanzo hakumsikia, akarudia.

"Kaa, Twaiba. Feisal, sogeza taa."

Feisal akasema, "Nikiisogeza kwake na kuipima kamera kwa uso wake, nyinyi mtakuwa weupe pe, hamtaonekana sura."

"Sisi tutajuana," akasema Abdulrahim.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na waya wa taa. Nikainuka mbele ya watu wote, nikaibeba ile taa nikaiweka mbele ya dada yangu, na nikakaa pale pale chini, nimeishikilia isianguke.

17 Juni
Nyumba kimya. Mvua imekatika. Turubai nimewawekea kuku.

Twaiba amepiga simu kutoka Mackinnon Road. Anauliza kama ninaandika. Nimemwambia naandika. Akasema picha ya harusi imetoka, Abdulrahim hana uso kabisa, ni kanzu tu yenye mikono miwili myeusi, na mafundi wanamcheka, wiki nzima itakuwa hivyo.

"Na wewe?" nikamuuliza.

Akacheka kile kicheko cha kufika kisimani. "Mimi? Mimi nimetoka mpaka kope."